Fundi wa Kibokoni, Mombasa, Anajibu: Nani Aliruhusiwa Kuvaa Nini?

Shikamoo Bi Fundi. Nyanya yangu hataki nitoke na dera. Anasema hilo ni vazi la Kisomali lililokuja juzi tu, na kwamba Mswahili hasa ni buibui na leso. Nilipomuuliza buibui lilianza lini, alinijibu kuwa ni la tangu na tangu. Je, ni kweli?
Msichana wa Likoni

Marahaba mwanangu. Nyanya yako ana haki ya kulipenda buibui lake, na mimi niliyeyashona tangu usichana wangu ninayaelewa mapenzi hayo. Lakini la tangu na tangu silo. Buibui jeusi lilienea katika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa waliolipokea kwa hamu kubwa walikuwa wanawake ambao mama zao, au wao wenyewe, waliwahi kuwa watumwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini, lazima tuanze na merikani. Mwaka 1833 Marekani iliandikiana mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Unguja, na meli kutoka Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha marobota ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Kitambaa hicho, pamoja na kaniki iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi, ndicho walichovaa wajakazi. Mtumwa mwanamke alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kule Lamu nako bibi wa kiungwana alipotaka kumtembelea jamaa yake alitoka ndani ya shiraa, pazia kubwa lililoinuliwa kwa fito na watumwa, naye akitembea katikati asionekane. Litazame sana jambo hili, mwanangu: sitara ya mmoja iliinuliwa na mikono ya mwingine ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kujisitiri. Na katika majumba ya Sultani, kama alivyoeleza Bibi Salme binti Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, wanawake walivaa suruali chini ya kanzu, na wakitoka au wakikutana na wageni walivaa barakoa usoni. Ukimwona mtu kwa mbali tu, ulishajua yuko ngazi gani.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia ilipotolewa walipewa waliokuwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa shamba wala nyumba. Ila walipopata senti zao kwa kuuza maandazi, kusuka makuti au kufua nguo za watu, walikwenda dukani. Waliitupa kaniki. Wakanunua leso za rangi, jozi kamili, moja ya kiunoni na moja ya kichwani, vitu ambavyo jana yake tu vingewaletea kipigo au kuchekwa na watu.

Leso yenyewe nayo ilikuwa mpya. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya kichwani vya mraba vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, ukapatikana mtandio mmoja mkubwa. Wafanyabiashara wakaona wateja wanataka nini, wakaanza kuagiza vilivyochapwa vizima, na viwanda vya Uholanzi na Uingereza vikawa vinachapa kwa matakwa ya wanawake wa Unguja na Mombasa. Mwanamke asiyejua hata kusoma ndiye aliyekuwa akiamua mashine ya Ulaya ichape nini, kwa sababu alipolikataa ua, mzigo mzima ulidoda.

Buibui likafuata. Kwa mjukuu wa mtumwa lilikuwa sitara ambayo bibi yake alinyimwa. Kwa mabibi wa kiungwana lilikuwa msaada, kwani wa kuwashikia shiraa hawakuwapo tena. Ndani ya buibui wote walilingana, na barabarani hukuweza kumjua mzao wa nani. Ninapowasikia watu wa mbali wakilieleza buibui kama kifungo tu, natamani wangekaa na wazee wetu wa Mji wa Kale wakasikiliza.

Na hata hilo la nyanya yako si moja. Buibui la zamani halikuwa na vifungo wala mikono. Lilikuwa pana, limeshonwa kama gunia kubwa la kitambaa cheusi, na kamba yake ilizungushwa kichwani, kisha mwenyewe akalikusanya kwa mkono mbele ya kifua. Aliyebeba kikapu na mtoto alishikilia ncha kwa meno. Kulishona si kazi kubwa, lakini kulipima ni kazi, kwa sababu likizidi inchi mbili linaburura matopeni, likipungua visigino vinaonekana na mteja anarudi na maneno. Hili la mikono, lililofunguka mbele kama koti, lilituingia kwa nguvu kutoka nchi za Ghuba, vijana wetu walipokwenda kufanya kazi huko na kuwaletea mama zao. Wazee wa wakati huo walilalamika kwamba linaonyesha umbo. Nilikuwepo, niliwasikia kwa masikio yangu.

Basi dera limekuja kwa njia hiyohiyo iliyoleta yote. Limetoka kwa majirani zetu Wasomali, ni pana, ni jepesi, linastahimili joto la Februari, nasi tumelivalia leso juu na kulifanya letu. Vaa dera lako. Ila ukitoka na nyanya, tia buibui juu. Amekulea, na hilo litamfurahisha.

Assalaam aleikum Bi Fundi. Ninaoa baada ya Mfungo Sita, inshallah. Wenzangu wawili wa kazini ni Wakristo na wanataka kuvaa kanzu na kofia wanisindikize. Mjomba wangu anakataa, anasema kanzu ni ya Uislamu. Mimi nadhani ni utamaduni wa pwani. Tukate shauri vipi?
Bwana harusi wa Bondeni

Waaleikum salaam, na hongera mwanangu. Mjomba wako yuko sahihi kwamba kanzu ilikuja na Uislamu na biashara ya bahari. Lakini vazi likishakaa kwa watu huwa linafuata watu. Nenda Kampala uone. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka wa Buganda katika miaka ya 1840, wakaenda na kanzu, na leo Mganda, awe Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu, akienda kujitambulisha kwa wakwe huvaa kanzu yenye darizi kifuani na koti juu yake. Hakuna anayemuuliza dini. Kanzu hiyo ilitoka hapahapa pwani kwetu.

Nikuongezee jambo moja litakalokufaa siku ya harusi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita pwani hii. Mogadishu sultani alimpelekea mavazi: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba. Sasa jitazame utakavyovaa wewe: kikoi kiunoni, kanzu juu yake, joho, kilemba. Karibu miaka 700 imepita na mpangilio ni uleule. Alipofika Mombasa aliandika kwamba watu walitembea peku na kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini, kwa hiyo usidhani kila mtu wa mji huu alikuwa na makubadhi.

Ambalo ningependa ulifikirie ni kofia. Wakati wa utumwa, mtumwa mwanamume hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Kichwa kitupu na miguu mitupu ndiyo iliyokuwa alama yake. Waliopata uhuru walivaa kanzu nyeupe na kofia kwa sababu hiyo, na babu wengi wa mitaa yetu, pengine hata wa kwenu, walikwenda kupiga picha zao za kwanza wakiwa wamevaa hivyo, wameketi wima, mikono magotini. Kofia ya mkono nzuri huchukua miezi kuishona. Tundu moja moja hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi kwa kuvuta taratibu, maelfu ya matundu, mpaka kitambaa kikasimama chenyewe bila wanga. Ukiwapa wenzako kofia za namna hiyo wavae, umewapa kitu ambacho watu wetu walikipigania. Mwambie mjomba hivyo, kwa adabu, baada ya magharibi akiwa ameshakunywa kahawa yake.

Bi Fundi, je, shela jeupe la harusi ni la kwetu?
Mchumba, Tudor

Gauni jeupe la bibi harusi lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na nyeupe mwaka 1840, na kabla ya hapo hata Ulaya wengi waliolewa na nguo nzuri ya rangi yoyote waliyokuwa nayo. La kwetu ni kisutu: leso nyekundu, nyeusi na nyeupe. Vaa gauni lako mbele ya kamera, lakini kisutu usikikose.

Mimi ni kijana wa Majengo. Inaniuma kuona dada zetu wakipita na suruali za kubana. Wazee wetu hawakuwa hivi. Kwa nini serikali isipige marufuku?
Aliyekerwa

Mwanangu, hilo lilishajaribiwa, tena karibu na hapa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume Kariakoo yalikuwa yakiwashambulia wanawake na kuwashusha katika mabasi. Yaani sheria ya heshima iliwapa watu ruhusa ya kukosa heshima. Huko Paris nako, amri ya polisi ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa suruali aombe kibali, na ni mwaka 2013 tu serikali ya Ufaransa ilipotamka kwamba amri hiyo haina nguvu tena. Wanawake walishavaa suruali zao zamani.

Kwetu Kenya, mwaka 2014, wanaume walimzunguka mwanamke katika kituo cha matatu Nairobi wakamvua nguo, na picha zikasambaa. Wanawake waliandamana Novemba mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka kumi. Nakuandikia haya kwa sababu nimewasikia vijana wa umri wako wakisema maneno kama yako mezani, halafu stendi yakawa vitendo.

Na hao wazee unaowataja, wazee gani? Kilomita chache kaskazini mwa hapo ulipo, nyanya zetu wa Kimijikenda walivaa hando, sketi ya kitambaa cheupe iliyokunjwa marinda mengi kiunoni, kifua wazi, na hakuna aliyewasumbua njiani. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama wakatae amri za Mwingereza mwaka 1913, alikuwa mwanamke wa hando. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, wa misheni ya Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa waliookolewa kutoka katika meli za watumwa, walikuwa na mashati na magauni. Wa Mji wa Kale walikuwa na leso, kisha buibui. Wote hao ni wazee wetu, na Kengeleni, Kisauni na Kibokoni walipishana katika njia moja wakiamkiana.

Kama una dada, zungumza naye nyumbani kwa upole, na ukubali kwamba anaweza kukukatalia. Mpita njia humjui, hana deni kwako. Macho ni yako, yainamishe, kama ulivyofundishwa katika chuo cha Kurani.

Bi Fundi, nauza mitumba Kongowea. Mteja, mwalimu, aliniambia sisi ndio tunaoua nguo za kwetu. Neno lile halikuniondoka.
Muuzaji

Pole. Halikustahili kuangushiwa wewe. Watu wa pwani walifuma zamani sana: Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Na mapema karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa Sofala, kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutia, walinunua vitambaa vya Cambay, wakavifumua uzi mmoja mmoja, na kuufuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka mafundi wa pembeni mwa soko lako, wanaoifumua suti ya Ulaya na kuitoa ikiwa sare ya mtoto wa shule.

Ufumaji wetu uliumizwa na merikani ya bei rahisi, kisha na vitambaa vya Bombay vilivyochukua nafasi yake vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba. Baada ya uhuru tukawa na viwanda, KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret kati yake, na katika miaka ya 1990 milango ya soko ilipofunguliwa ghafla, vikayumba. Mitumba ilikuwa sehemu ya wimbi hilo, na mimi sifichi kwamba ilipunguza kazi yangu: mama niliyekuwa nikiwashonea watoto wake wanne nguo za Idi, alianza kuja na mmoja. Lakini walioifungua milango hawakuwa wauzaji wa Kongowea. Mwalimu akitaka nguo za kwetu, na azinunue. Mafundi wapo, na kiwanda cha Rivatex nacho kilifufuliwa baada ya Chuo Kikuu cha Moi kukinunua mwaka 2007.

Bi Fundi, katika sanduku la marehemu mama yangu nimekuta leso iliyochapwa maandishi ya Kiarabu, lakini nikiyasoma ni Kiswahili. Imechakaa. Niitupe, au niifanyeje?
Mama wa Makadara

Usiitupe! Zamani majina ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo walizosoma watu wetu chuoni, na baadaye wachapaji wakahamia herufi za Kirumi. Ya kwako basi huenda ikakuzidi umri.

Kwanza isome jina, uliandike mahali, kwa sababu wino huo utatangulia kitambaa kufa. Mama yako hakulichagua ovyo. Nenda Biashara Street asubuhi yoyote ukawatazame wanunuzi: muuzaji anatandaza jozi, mkono wa mteja unakwenda moja kwa moja chini penye maandishi, unayanyoosha, anasoma, anatikisa kichwa, inatandazwa nyingine. Ua zuri lenye jina baya hurudishwa rafuni. Akipata kama "Japo sipati tamaa sikati" anaweza kununua mbili, moja yake na moja ya yule anayemlenga, kisha anampa fundi wa barazani azikate na kuzipinda palepale. Waulize shangazi zako mama alipata wapi hiyo yako, na kwa ajili ya nani.

Pili, usiifue kwa sabuni ya unga wala kuipiga pasi. Itandaze kivulini siku isiyo na mvua, juu ya mkeka safi, ipate hewa, na uikung'ute taratibu kwa kiganja. Usiitundike kambani, uzito wake utaichana. Ikishakauka vizuri iviringishe juu ya bomba la karatasi ulilolizungushia kitambaa cheupe cha pamba, badala ya kuikunja, kwa sababu leso kuukuu hukatikia mikunjoni. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa mji wetu utaiotesha ukungu. Ukitaka kuifukiza udi, fukiza sanduku likiwa tupu, moshi utoke, ndipo uiweke. Ifungue kila baada ya masika uitazame kama imeingia nondo.

Na kama huna pa kuiweka, ipige picha pande zote mbili, kisha uende Makumbusho ya Fort Jesus uwaulize kama wanaweza kukusaidia kuihifadhi. Chukua na ile karatasi uliyoandika jina, jina la mama yako, na mtaa aliokuwa akiishi.